MATE, DAMU NA VINASABA: TUJIPIME, LAKINI TUJUE TUNACHOPIMA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Mtu akiwa na shida ya mwili akaificha kwa haya, atakosa wa kumsaidia. Lakini je, kama shida yenyewe imejificha ndani ya damu, mahali ambapo hata mwenyewe haioni? Atajifichua vipi?

Siku hizi kuna jibu ambalo vijana wengi tumelisikia: "Jipime DNA." Huko Marekani na Ulaya mtu hununua kisanduku kidogo, akatema mate ndani ya chupa, akaipeleka posta, na baada ya wiki kadhaa akaletewa majibu kuhusu asili yake na magonjwa anayoweza kurithi au kurithisha. Hata hapa Likuyani habari hizi zimefika. Wapo wanaosema ni uchawi wa wazungu, na wapo wanaosema ati ukishapima hivyo huhitaji daktari tena. Wote wawili wamekosea.

Katika makala haya nanuia kueleza mambo manne: vinasaba ni nini, kisanduku cha nyumbani hufanya nini na hakiwezi nini, ni swali gani la urithi linalotuhusu zaidi sisi watu wa magharibi ya Kenya, na majibu yakija, yafaa tufanye nini. Tafadhali kaa kitako.

VINASABA NI NINI?

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuanze na neno. Nasaba ni ukoo, yaani mfuatano wa mababu na wajukuu. Kutokana na neno hilo tumepata kinasaba, wingi vinasaba. Wengine husema jeni. DNA ndiyo uzi mrefu ambamo vinasaba vimeandikwa.

Nasema "vimeandikwa" kwa sababu uzi huo ni kama maandishi yenye herufi 4 tu: A, T, G na C. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick kule Cambridge, kwa kutegemea pia picha na vipimo vya Rosalind Franklin. Binadamu ana herufi kama bilioni 3 katika kila seti ya kromosomu: seti moja ya 23 kutoka kwa mama na nyingine ya 23 kutoka kwa baba. Kwa hiyo karibu kila kinasaba unacho mara mbili: nakala ya mama na nakala ya baba. Shika sana jambo hili, maana mbele tutalihitaji.

HERUFI MOJA TU

Je, herufi moja ikikosewa kati ya bilioni 3 kuna neno? Mara nyingi hakuna. Lakini upo mfano mmoja ambao kila kijana wa Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga anapaswa kuujua.

Ndani ya seli nyekundu za damu mna protini iitwayo hemoglobini. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Sehemu mojawapo ya protini hiyo ni mnyororo wenye asidi amino 146. Katika baadhi ya watu, herufi A moja kwenye kinasaba chake imegeuka kuwa T. Basi asidi amino ya 6 hubadilika: badala ya asidi ya glutamiki huwekwa valini. Vernon Ingram aligundua badiliko hilo la protini huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957.

Herufi moja, lakini madhara yake ni makubwa. Hemoglobini hiyo, ambayo huitwa S, ikiishiwa na oksijeni hushikamana na kujipanga kama vijiti. Seli ambayo ilikuwa mviringo na laini hukakamaa na kujikunja kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo maana kwa Kiswahili ugonjwa huu ukaitwa selimundu. Mitaani watu husema tu "siko seli". Seli hizo huziba mishipa midogo ya damu na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Isitoshe, hufa mapema kuliko seli za kawaida, na mgonjwa akapungukiwa na damu.

Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyeandika mara ya kwanza katika jarida la udaktari, mwaka 1910, kuhusu seli hizo zenye umbo la mundu. Alikuwa ameziona katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada. Lakini usidhani ugonjwa ulianza mwaka huo. Huku Afrika ulikuwepo kwa vizazi na vizazi, ukiitwa majina mengine, na mara nyingi ukisingiziwa wachawi.

KWA NINI SISI?

Mwenye nakala moja ya kawaida (A) na moja ya S huitwa AS. Huyu ni mbebaji. Kwa kawaida haugui; analima, anacheza kandanda, anazeeka. Mwenye nakala mbili za S, yaani SS, ndiye mgonjwa. Mwenye A mbili ni AA.

Mwaka 1949 kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Akaona ajabu: pwani na kandokando ya ziwa Viktoria wabebaji walikuwa wengi, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Akajiuliza, mahali penye wabebaji wengi pana nini? Pana mbu! Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto wa AS ana kinga dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi ulionyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali hufikia kama asilimia 90.

Kumbe herufi ile haikubaki kwetu kwa laana. Ilibaki kwa sababu iliwaokoa babu zetu wakiwa watoto. Kakamega na jirani zake ni sehemu ya ukanda wa ziwa wenye malaria mwaka mzima, kwa hiyo wabebaji ni wengi. Nasi wa Likuyani, ambao wazee wetu wengi walihamia hapa baada ya uhuru walipogawiwa mashamba ya walowezi, tulikuja na majembe yetu, mbegu zetu, na damu zetu. Mtu akihama hawezi kuacha vinasaba nyuma.

Ila tahadhari: mwenye SS hana kinga hiyo. Yeye malaria humshambulia vibaya zaidi, na inaweza kumwua upesi.

KISANDUKU CHA NYUMBANI HUFANYA NINI?

Sasa turudi kwenye mate. Mate yana seli zilizotoka mdomoni, na kila seli ina DNA. Maabara huitoa DNA hiyo na kuiweka juu ya kibamba chenye vipimo vidogo vidogo. Kibamba hakisomi herufi zote bilioni 3. Husoma mahali palipochaguliwa, kama mamia ya maelfu hivi. Hiyo hata asilimia moja haifiki! Ni kama mtu anayefungua kamusi nzima akasoma maneno machache aliyoambiwa ayatafute, halafu akasema "nimeisoma". Maneno hayo ameyasoma kweli, mengine hakuyagusa.

Ndiyo sababu majibu yana uzito tofauti, nami nayagawa katika mafungu matatu.

Kwanza, yapo magonjwa ya kinasaba kimoja, kama selimundu. Hapa herufi moja ikijulikana, jibu lina maana sana. Baadhi ya visanduku huonyesha kama wewe ni mbebaji.

Pili, yapo yanayosababishwa na vinasaba vingi pamoja na mazingira, kama kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu. Hapa kisanduku hutoa makisio tu. Chumvi unayokula, uzito wako, sigara na mazoezi vina sauti kubwa. Fauka ya hayo, makisio mengi yametungwa kwa kuchunguza watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, lakini ndilo lililochunguzwa kidogo. Kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mwingine hakiwezi kukukaa sawasawa.

Tatu, yapo majibu ya "hatukuona kitu" yanayoweza kumlaza mtu usingizi. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliruhusu kampuni ya 23andMe kuwapa wateja majibu juu ya vinasaba vya saratani ya matiti viitwavyo BRCA. Kipimo kilitazama mabadiliko 3 tu, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki, ingawa mabadiliko yanayojulikana yanazidi 1,000. Mama wa Kongoni akiambiwa hana hayo 3, ameambiwa nini hasa? Karibu hakuna. Akiona uvimbe, aende hospitali.

YALIYOTUPATA SISI

Sipendi kufundisha kwa nadharia tupu, kwa hiyo niruhusu nitoe mfano wa nyumbani. Mjomba wangu, khocha kama tunavyomwita kwetu, anaishi Marekani. Alinunua kisanduku akitaka kujua asili yake. Majibu yalipokuja, katikati ya habari nyingi za kufurahisha palikuwa na mstari mmoja: yeye ni mbebaji wa selimundu. Akampigia mama simu usiku.

"Dada," alisema, "unamkumbuka yule ndugu yetu aliyekufa akiwa mdogo, wakasema amerogwa? Sasa huyo mtoto wako wa mwisho, si ulisema vidole huwa vinamfura?"

Mama alinyamaza. Kweli, ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akivimba mikono na miguu, akilia usiku kucha. Kila mara alitibiwa malaria, akapata nafuu, kisha yakarudi yale yale. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona.

Hebu tutulie hapo tufikiri kama wanafunzi. Majibu ya khocha yalituambia nini? Hayakusema mtoto ni mgonjwa. Yalisema tu kwamba mmoja wa wazazi wa khocha, au wote wawili, alikuwa na herufi ile. Kwa hiyo nafasi ya mama kuwa mbebaji haikuwa chini ya nusu. Kuhusu baba yangu hayakusema lolote. Mate ya khocha yalizua swali, lakini jibu lilikuwa bado mbali.

Jibu lilitoka hospitalini kwa tone la damu. Kipimo cha kwanza kilionyesha kuwa hemoglobini S ipo. Lakini daktari alieleza kwamba kipimo hicho cha haraka hakitofautishi AS na SS. Damu ikapelekwa kwenye mashine inayotenganisha aina za hemoglobini. Mtoto: SS.

Hapo ndipo kelele zilipoanza nyumbani. Senge, dada yake baba, akasema, "Ugonjwa huu umetoka kwa hao watu wa mama. Sisi kwetu hatuna." Mama akalia. Baba hakusema kitu, lakini alikubali kwenda kupimwa pamoja na mama. Wote wawili walikuwa AS. Daktari akawakalisha pamoja na senge, akawaambia: "Mtoto hawezi kuwa SS kwa herufi ya mama peke yake. Moja imetoka kwa mama, moja kwa baba. Hakuna aliyemkosea mwenziwe. Ninyi nyote mlipewa na wazazi wenu bila kuulizwa."

Senge aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo ni yeye anayemkumbusha mama saa ya dawa. Mimi na dada yangu mkubwa tulipimwa pia. Yeye ni AA. Mimi ni AS.

HESABU YA WAZAZI WAWILI

Chukua karatasi uchore vyumba vinne. Mama AS anaweza kutoa A au S. Baba AS vivyo hivyo. A na A ni chumba cha kwanza. A na S ni cha pili na cha tatu. S na S ni cha nne. Kwa hiyo kwa kila mimba, nafasi ya mtoto AA ni asilimia 25, AS ni asilimia 50, na SS ni asilimia 25.

Angalia neno "kwa kila mimba". Wengine hudhani ati wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. La hasha! Ni kama kurusha sarafu. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Na mbebaji akioa AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa baadhi wanaweza kuwa wabebaji.

Je, AS wawili wasioane? Mimi sina mamlaka ya kukataza mapenzi ya watu. Nisemalo ni kwamba wajue kabla ya harusi. Mimi mwenyewe siku nikitafuta mchumba nitamwambia hali yangu na kumwomba apimwe. Itakuwa aibu ya dakika tano, nayo ni nafuu kuliko miaka ya kulaumiana.

KUJUA KUNA FAIDA GANI?

Wapo watakaouliza, "Kama haliponi, la nini kujua?" Swali zuri. Mtoto wa SS akijulikana mapema, hupewa penisilini kila siku hadi afikapo miaka 5 ili kumkinga na maambukizi, chanjo, dawa ya kuzuia malaria, na chandarua. Mzazi hufundishwa kumpa maji mengi, kumkinga na baridi, na kumkimbiza hospitali akipata homa, bila kungoja asubuhi. Aidha ipo dawa iitwayo hidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi hapa Kenya, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria, na hata vifo.

Tena sayansi haijalala. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri vinasaba, iitwayo Casgevy. Kule Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mkulima wa mahindi wa Sango au Sinoko hiyo ni ndoto ya mbali, lakini penisilini na chandarua si ndoto.

SIRI ZA UKOO

Kisanduku kina hatari zake. Ukitema mate yako umetema pia sehemu ya siri za ndugu zako, kwa maana mnashiriki vinasaba. Wapo waliogundua kwa njia hiyo kwamba baba aliyewalea si aliyewazaa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Usiyavulie kwa ajili ya mchezo.

Halafu habari hizo hukaa kwa kampuni. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichukua habari za watu kama milioni 6.9 waliokuwa wateja wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wateja wakajiuliza: vinasaba vyetu vitauzwa kwa nani? Neno la siri likiibwa unalibadilisha, lakini vinasaba huwezi kubadilisha. Hapa Kenya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za vinasaba kuwa nyeti, lakini sheria yetu haitakusaidia sana ikiwa mate yako yako ng'ambo.

MASHAURI YANGU

Kwanza, anza na swali, si na kisanduku. Ukitaka kujua kama una selimundu, kipimo cha damu hospitalini kinatosha na ni rahisi kuliko kisanduku. Viko hata vipimo vidogo vinavyotumia tone la damu ya kidole na kujibu kwa muda wa kama dakika 10.

Pili, jibu lolote la kisanduku lithibitishwe hospitalini kabla ya kuanza dawa, kuacha dawa, au kuvunja uchumba.

Tatu, wazazi wote wawili waende pamoja. Mama asibebeshwe peke yake mzigo uliofungwa na wawili.

Nne, matokeo ya mtu ni yake. Usiyatangaze bwenini wala sokoni Matunda.

Tano, ndugu wa mgonjwa na ndugu wa mbebaji wapimwe pia, kwa hiari yao. Simu moja ya khocha ilimfikia mtoto aliyekuwa akitibiwa ugonjwa mwingine. Simu kama hiyo unaweza kupiga hata wewe.

Nikikunja jamvi, nawaomba wenzangu tusiringie sayansi wala tusiiogope. Tuiulize maswali yetu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe. Ndugu yangu sasa ana miaka 4, anakimbiza kuku uani, na akipatwa na homa hakuna tena anayeuliza ni nani aliyemroga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya AA, AS na SS.
2. "Mate ya khocha yalizua swali, lakini jibu lilikuwa bado mbali." Fafanua kauli hii.
3. Baba ni AS na mama ni AA. Chora vyumba vinne kisha utaje nafasi ya kila aina ya mtoto.
4. Kwa nini wabebaji wa selimundu ni wengi kando ya ziwa kuliko nyanda za juu?
5. Tunga sentensi ukitumia: nasaba, mbebaji, mundu, makisio.
6. Methali "mficha uchi hazai" inahusianaje na makala haya? Toa methali nyingine mbili zinazofaa.